Je, Wajua? Kutoka Lushoto Hadi Ufukweni: Mambo ya Kujua Kabla ya Kuingia Baharini

Shule zinapofungwa Desemba, na tena Pasaka na Idi zinapowadia, mabasi yanayoteremka kutoka Lushoto hujaa watu wanaokwenda pwani. Barabara inapita Soni, inazunguka kona za mlima hadi Mombo, kilomita 33 hivi kutoka Lushoto mjini, kisha inashika njia ya Korogwe, Segera na Muheza mpaka Tanga. Mtu aliyeamka kwenye baridi ya Magamba anaweza kuwa Raskazone au Pangani kabla jua halijachwa. Wengine wanavuka mpaka: Mombasa, Muscat, Durban. Wapo kati yao ambao hawajawahi kuingia kwenye maji yanayopita magoti. Haya ni mambo ambayo mgeni wa bahari akiyajua ataifurahia safari na kurudi mlimani salama.

Je, wajua kwamba mvua ya Lushoto nayo husafiri hadi baharini?

Maji unayoyaona yakiporomoka pale Soni hushuka hadi Mto Mkomazi, nao Mkomazi hujiunga na Mto Pangani, unaoingia baharini penye mji wa Pangani. Mto Umba unaanzia kwenye msitu wa Shagayu, juu kabisa Usambara Magharibi, na kuishia baharini karibu na mpaka wa Kenya. Mto Sigi unatoka kwenye misitu ya Amani, Usambara Mashariki, na ndio unaojaza bwawa la Mabayani linalowapatia wakazi wa Tanga maji ya bomba.

Mahali mto unapokutana na bahari panavutia macho, lakini si pa kuogelea. Wakati wa masika maji huwa ya udongo, hayaonyeshi kina wala magogo yaliyobebwa kutoka juu. Bahari inapokupwa, maji ya mto na ya bahari hutoka kwa pamoja kwa nguvu kubwa. Tena Mto Pangani una mamba. Ukifika huko, sogea mbali na mto, utafute ufukwe wa wazi ambao wenyeji wenyewe wanaogea.

Je, wajua kwamba Wasambaa walimweleza daktari mashuhuri wa Ujerumani kuhusu mbu na homa?

Robert Koch, aliyegundua bakteria wa kifua kikuu mwaka 1882, alikuja Afrika Mashariki ya Kijerumani mwaka 1897 na kuchunguza malaria hadi mwaka uliofuata. Usambara aliwakuta watu wa milimani ambao waliugua homa kila waliposhuka tambarare na pwani. Walimwambia kwamba huko chini kuna mbu, kwamba mbu hao huwauma, na kwamba kuumwa huko ndiko kunakowaletea homa. Wakati huo dunia ya sayansi ilikuwa bado inabishana: Ronald Ross alikuwa ameviona vimelea vya malaria ndani ya tumbo la mbu, huko India, Agosti 1897 tu. Wasambaa walikuwa wameshalijua jambo hilo kwa kuchunguza safari zao wenyewe.

Utafiti uliofanywa baadaye kwenye milima hiyo hiyo umeonyesha kwamba maambukizi ya malaria hupungua kadiri unavyopanda. Hiyo ni neema, na ina upande wa pili. Kinga ya mwili dhidi ya malaria hujengeka kwa kuambukizwa mara kwa mara, kwa hiyo mtoto aliyekulia Lushoto hushuka Tanga akiwa na kinga ndogo kuliko mwenzake wa Muheza. Msafiri wa pwani abebe chandarua, avae nguo ndefu jioni, na apake dawa ya kufukuza mbu. Homa ya malaria kwa kawaida huanza siku 7 au zaidi baada ya kuumwa, hivyo inaweza kukukuta ukiwa umesharudi nyumbani. Ikikukuta, nenda ukapime mapema, na umwambie daktari kwamba ulikuwa pwani.

Je, wajua kwamba ukiwa Lushoto unaweza kuijua hali ya bahari kwa kuutazama mwezi?

Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa karibu kila siku. Kutoka maji kujaa hadi kujaa tena ni saa 12 na dakika 25 hivi, ndiyo maana kila siku maji huchelewa kwa takriban dakika 50 kuliko jana yake. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, jua na mwezi huvuta kwa pamoja na tunapata bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana. Kwenye pwani ya Tanga tofauti ya kina wakati wa bamvua hupita mita 3, yaani zaidi ya kimo cha mtu mrefu. Mwezi unapokuwa nusu tunapata maji mafu, na tofauti hupungua.

Hatari kubwa kwa mgeni inakuja maji yakiwa yamekupwa. Anaona mwamba na mchanga umeachwa wazi mbali sana, anakwenda na watoto kuokota kombe, na hatambui kwamba maji hurudi kwanza kwa kujaza mifereji iliyo nyuma yake. Akigeuka, njia aliyojia imeshakuwa mto. Uliza saa ya maji kupwa kabisa, na uanze kurudi ufukweni saa hiyo hiyo.

Je, wajua kwamba kuna kisiwa Pangani ambacho hupotea na kutokea tena?

Kisiwa cha Maziwe kiko mbele ya Ushongo, kusini mwa mji wa Pangani. Kilitengwa kuwa hifadhi ya bahari mwaka 1975. Zamani kilikuwa na miti, na kasa walikuwa wakitaga huko. Miti ikaisha, mawimbi yakala mchanga, na leo kilichobaki ni fungu ambalo hufunikwa kabisa maji makubwa yanapojaa. Kasa bado wanapanda kutaga, na watunzaji huhamishia mayai yao ufukwe wa Ushongo ili yasizame.

Safari ya Maziwe basi inaongozwa na maji, wala si saa ya chakula cha mchana. Nahodha akisema muda umekwisha, panda chombo. Kabla ya kuondoka ufukweni, hakikisha kila abiria amevaa jaketi okozi, mtoto apate la kipimo chake, na liwe limefungwa vizuri. Jaketi lililorundikwa chini ya ubao wa kukalia halimsaidii mtu chombo kikipinduka.

Je, wajua kwamba sehemu ya bahari inayoonekana imetulia inaweza kuwa ndiyo ya hatari zaidi?

Maji yanayosukumwa ufukweni na mawimbi lazima yapate njia ya kurudi. Maji hayo hukusanyika na kutoka kwa mkondo mwembamba kuelekea baharini. Kwenye mkondo huo mawimbi hayavunjiki sana, rangi ya maji huwa nzito zaidi, na povu au mchanga huonekana ukielekea nje. Mgeni huona utulivu, akaingia hapo hapo. Kwenye fukwe zetu zilizozungukwa na miamba, maji yanapokupwa hutoka kupitia mlango, yaani pengo la mwamba, na mkondo wa mlangoni ni mkali.

Mkondo wa namna hii unaweza kufikia mita 2.5 kwa sekunde. Waogeleaji wa kasi zaidi duniani hutumia karibu sekunde 21 kumaliza mita 50, ambayo ni pungufu kidogo ya kasi hiyo. Hakuna mtu, hata awe na nguvu kiasi gani, atakayeushinda kwa kuogelea kinyume chake. Habari njema ni kwamba mkondo huu haukuzamishi chini; unakupeleka nje tu, kisha unalegea. Elea, pumua, nyoosha mkono juu na uite msaada. Ukiweza kuogelea, kata upande, sambamba na ufukwe, mpaka uhisi umetoka, ndipo urudi nchi kavu ukifuata mawimbi. Wengi wanaokufa humo huuawa na uchovu wa kupigana na maji.

Je, wajua kwamba anayezama kwa kawaida hapigi kelele?

Francesco Pia, mwokoaji wa ufukweni huko New York, alichunguza picha za watu waliokuwa wanazama kweli na kueleza alichokiona. Mdomo huzama na kuibuka, na muda ule mfupi ukiwa juu hutumika kuvuta pumzi, hivyo hakuna nafasi ya kuita. Mikono hubonyeza maji pembeni, haipungi. Mwili husimama wima, miguu haipigi. Hali hiyo hudumu kati ya sekunde 20 na 60 kabla mtu hajazama.

Ndiyo maana mzazi aliye ufukweni anapaswa kukaa karibu kiasi cha kumfikia mtoto kwa mkono, simu ikiwa mfukoni. Mkiwa kundi kubwa la familia, mtajeni mtu mmoja wa kuangalia watoto, kisha mpokezane. Watu wazima kumi wakiwa pamoja, kila mmoja hudhani mwenzake anaangalia.

Na ukimwona mtu anazama, usimfuate mikono mitupu, kwani waokoaji wengi huzama pamoja na waliowafuata. Mtupie kitu kinachoelea. Dumu tupu la lita 20 lililofungwa kifuniko barabara linaweza kubeba karibu kilo 20 majini, na mtu mzima anahitaji kilo chache tu za msaada ili kichwa chake kibaki juu. Lifunge kamba ndefu, liweke karibu na mahali watoto wanapocheza. Namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji Tanzania ni 114, na ya dharura kwa ujumla ni 112.

Je, wajua kwamba maji ya moto ni dawa ya kwanza ya baadhi ya sumu za baharini?

Kwenye miamba ya pwani yetu anaishi samaki anayefanana kabisa na jiwe lililoota ukoga. Hakimbii mtu, hutulia chini akiwa na miiba 13 mgongoni, na anayemkanyaga hudungwa sumu yenye maumivu makali mno. Taa naye hujifukia kwenye mchanga wa maji mafupi na kupiga kwa mwiba wa mkia akikanyagwa. Nungunungu wa bahari, mweusi mwenye miiba mirefu, hujazana kwenye mawe, na miiba yake hukatikia mguuni.

Vaa viatu vya plastiki vyenye soli ngumu. Kwenye mchanga buruza miguu badala ya kuinua, ili taa ashtuke na kuondoka kabla hujamfikia. Aliyedungwa na samaki au taa atumbukize mguu kwenye maji ya moto ya nyuzi 45 hivi, kwa nusu saa hadi saa moja na nusu. Joto hilo huvuruga sumu na kupunguza maumivu. Mtu mwingine ayapime kwanza kwa mkono wake, maana mguu wenye maumivu hauhisi unaungua. Kisha apelekwe hospitali, maana kipande cha mwiba kinaweza kubaki ndani na kidonda kikaoza.

Je, wajua kwamba kombe zuri kuliko yote linaweza kuua?

Katika Bahari ya Hindi, pwani yetu ikiwamo, kuna konokono wa baharini mwenye kombe lenye umbo la pia na michoro ya kupendeza. Wanasayansi wanamwita Conus geographus. Huwinda samaki usiku kwa jino lililo kama sindano lenye sumu, na jino hilo hupenya hata kitambaa cha mfuko. Mara nyingi mtu hasikii maumivu makubwa, ila mwili huanza kufa ganzi na pumzi kuzidi kuwa ngumu. Hakuna dawa maalumu ya kuiondoa sumu hiyo; kinachookoa ni kufikishwa haraka hospitali inayoweza kumsaidia mgonjwa kupumua. Wafundishe watoto kuangalia makombe bila kuyaokota, hasa yale yenye mnyama ndani.

Je, wajua kwamba mkojo hautibu muwasho wa konyeza?

Konyeza, ambaye wengine humwita yavuyavu, ana nyuzi zenye vijifuko vingi vidogo vya sumu. Baada ya kukugusa, vingi kati ya hivyo hubaki kwenye ngozi vikiwa havijapasuka. Mkojo, maji baridi ya bomba na kusugua kwa mchanga vyote vinaweza kuvipasua na kuongeza maumivu. Osha kwa maji ya bahari, ondoa nyuzi kwa kibano au kwa ukingo wa kadi, kisha kanda kwa maji ya moto ya kiasi cha kuvumilika. Aliyevimba uso, anayepumua kwa shida au anayetapika apelekwe hospitali mara moja. Konyeza aliyekufa mchangani bado ana sumu.

Je, wajua kwamba jua la Lushoto halina huruma kuliko la Tanga?

Ubaridi hutudanganya. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba miale ya jua inayounguza ngozi huongezeka kwa takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000 unazopanda, na Lushoto iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Ufukweni nako kuna mtego wake: mchanga mkavu hurudisha karibu asilimia 15 ya miale hiyo na povu la bahari karibu asilimia 25, hivyo aliye kwenye kivuli cha mnazi bado anapigwa kutoka chini. Hata nusu mita ndani ya maji miale hubaki na asilimia 40 ya nguvu zake.

Kwa wenzetu wenye ualbino jambo hili ni la uhai, kwa kuwa saratani ya ngozi huwawahi wakiwa bado vijana. Hospitali ya KCMC, Moshi, ina kitengo kinachotengeneza mafuta ya kukinga jua yaitwayo Kilisun kwa ajili yao. Mtoto mwenye ualbino ana haki ya kwenda baharini na wenzake. Apakwe mafuta hayo, avae kofia pana na shati la mikono mirefu, na safari yake ipangwe asubuhi mapema au jioni.

Kuna joto pia. Mwili uliozoea ubaridi wa mlimani huhitaji wiki moja hadi mbili kuzoea joto la pwani. Siku za kwanza kunywa maji kabla hujasikia kiu, na pumzika adhuhuri.

Je, wajua kwamba upepo unaochafua bahari yetu unaleta kijani kibichi Salalah?

Kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba hivi, kusi huvuma na bahari ya pwani yetu huwa na mawimbi makubwa. Upepo huo ukivuka mstari wa Ikweta hupinda kuelekea kaskazini mashariki na kufika kusini mwa Oman ukiwa na ukungu na manyunyu. Milima ya Dhofar huota majani, na maelfu ya familia za Ghuba humiminika Salalah kupumzika katika msimu wanaouita khareef. Hali ya hewa ni tamu, hata inamkumbusha Msambaa kwao, lakini bahari wakati huo huwa kali, na fukwe kama Mughsail ni za kutazamwa kutoka nchi kavu. Kwa ndugu zetu walioko Muscat wanaokwenda huko likizo, khareef ni msimu wa kuburudika milimani.

Je, wajua kwamba bendera za ufukweni zina maana karibu ile ile katika nchi nyingi?

Fukwe nyingi za umma kwetu hazina waokoaji. Ukienda Durban, Uingereza au Australia utawakuta, na watakuelekeza kwa bendera. Bendera mbili, kila moja yenye nyekundu na njano, zikisimama, ogelea katikati yake, maana hapo ndipo wanapoangalia. Nyekundu peke yake ni hatari kubwa, usiingie. Nyekundu mbili, moja juu ya nyingine, ni bahari iliyofungwa kabisa. Zambarau ni tahadhari ya viumbe wenye sumu. Pasipo bendera wala mwokoaji, hesabu kwamba uko peke yako, na ubaki kwenye maji ya kiunoni.

Je, wajua kwamba somo la jiografia liliwahi kuokoa ufukwe mzima?

Tarehe 26 Desemba 2004, tetemeko la ardhi karibu na Sumatra lilizusha tsunami. Tilly Smith, binti wa Kiingereza wa miaka 10, alikuwa Phuket, Thailand, na wazazi wake. Aliona bahari ikitoa mapovu na kurudi nyuma kwa namna isiyo ya kawaida, akakumbuka alichofundishwa darasani wiki mbili kabla. Alisisitiza mpaka wazazi wake na walinzi wakawaondoa watu, na takriban watu 100 wakapona.

Mawimbi hayo yalivuka bahari kwa saa kadhaa na kufika kwetu siku hiyo hiyo. Kenya ilipata taarifa ikawaondoa watu kwenye fukwe, na aliyefariki ni mmoja. Tanzania watu wapatao 10 walipoteza maisha, wengi wao wakiogelea Dar es Salaam. Bahari ikirudi nyuma ghafla wakati usio wa maji kupwa, au ardhi ikitikisika kwa muda mrefu, kimbilia mahali pa juu bila kusubiri kuambiwa.

Je, wajua kwamba kuogelea kunafundishwa hapa hapa kwetu?

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na karibu robo yao ni watoto wa chini ya miaka 5. Mwaka huo huo Umoja wa Mataifa uliitenga tarehe 25 Julai kuwa siku ya kuzuia vifo vya kuzama. Huko Nungwi, kaskazini mwa Unguja, Panje Project imewafundisha wanawake na wasichana kuogelea wakiwa wamevaa mavazi yanayofuata maadili ya dini yao. Wengi walikulia hatua chache kutoka baharini bila kujua kuelea. Kama wao wamejifunza, mtoto wa Lushoto anaweza pia, na la kwanza la kujifunza ni kuelea chali na kupumua kwa utulivu.

Walimu wanaopanga safari za shule kushuka Tanga nawaomba walifanye hili kuwa sehemu ya maandalizi, sawa na nauli na chakula. Na mkifika, kabla mtoto yeyote hajavua viatu, mtafuteni mvuvi au mmoja wa viongozi wa BMU, kikundi cha kijiji kinacholinda bahari. Msalimieni kwa heshima, "Shikamoo mzee," kisha mumuulize mambo matatu: maji yanajaa au yanakupwa? Mkondo uko wapi? Watoto wa hapa wanaogea upande gani? Majibu yake ni bure, na yamejengwa juu ya maisha yake yote baharini. Wahenga walisema maji usiyoyafika hujui wingi wake. Anayeyafika kila siku yupo hapo ufukweni, anatengeneza nyavu zake, na atafurahi kuulizwa.